Riwaya ya tamaa, madaraka na kifo (Ujiji na Kibirizi): nifanye nini mjane asiwe windo tu, na kifo kisiwe adhabu?

Mwambao_K

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoandika au kuhariri hadithi za watu wazima, zile nzito, zenye giza.

Nina muswada wa maneno kama 32,000. Unatokea Ujiji na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwajuma, miaka 34, mumewe amezama usiku kwenye uvuvi wa dagaa na maiti haikupatikana. Anakaa eda. Kassimu, miaka 47, ndiye mwenye mitumbwi na taa alizokuwa akivulia marehemu. Anaanza kufika pale nyumbani kwa sababu ya deni, na kati yao inazuka tamaa ya kweli, ila ni tamaa inayotisha. Mwishoni mmoja wao anakufa.

Wasomaji wa mwanzo wamelalamikia mambo matatu. Kwanza, matukio ya chumbani yanasomeka ama kama maelezo ya daktari ama kama maneno ya kilabuni. Pili, Kassimu ni dhalimu mtupu na Mwajuma ni mnyonge mtupu, hivyo tamaa haiaminiki. Tatu, kifo cha mwisho kinaonekana kama mwandishi ameamua kuwaadhibu. Nifanyeje bila kuipooza hadithi? Sitaki igeuke mawaidha.

---

Bi_Kalamu

Mwambao_K, una kitu kikubwa mkononi na sidhani kama umeshakiona. Umesema maiti haikupatikana. Basi jiulize: nani aliyesema kwamba mtu huyo amekufa?

Maiti isipoonekana, mke hawi mjane papo hapo. Kwa upande wa dini, lazima kifo kithibitike, kwa walioshuhudia au kwa hukumu, ndipo akae eda. Bila hapo mume ni mtu aliyepotea, na mke bado ni mke wa mtu. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa aliyepotea miaka 5 bila kusikika ndipo achukuliwe kuwa amefariki. Sasa fanya usiku ule wawe wawili tu waliobaki kwenye mtumbwi ule: marehemu na Kassimu. Kassimu ndiye aliyerudi. Kauli yake ndiyo iliyomfanya Mwajuma awe mjane. Akiikana, Mwajuma anarudi kuwa mke wa mtu asiyeonekana, hawezi kuolewa wala mirathi haigawiwi.

Hayo ndiyo madaraka. Deni la nyavu kila msomaji wa Kigoma amelizoea. Mtu anayeshikilia kifo cha mumeo mdomoni mwake, halafu unamtamani mdomo huohuo, hilo hajalizoea mtu. Tamaa, madaraka na kifo vinakuwa kitu kimoja, na malalamiko yako ya pili na ya tatu yanaanza kujibika palepale.

Mambo ya kurekebisha kwenye muswada. Mitumbwi ya dagaa huwa na watu kadhaa, hivyo msomaji atauliza wengine walikuwa wapi. Mpe jibu mapema, sura ya kwanza, kwa sentensi mbili: wenzao walikuwa mtumbwi wa pili, taa ya mtumbwi huu ikazimika, upepo ukawatenganisha. Weka tukio kati ya Mei na Septemba, pepo za kusini zinapokuwa kali ziwani, watu waamini. Na lazima shehe amhoji Kassimu mbele ya wazee. Tukio hilo liandike kwa urefu, hata maneno 1,500. Ndilo tukio la kwanza la mahaba katika riwaya yako, ingawa hakuna anayemgusa mwenzake: Mwajuma yuko nyuma ya pazia, anamsikiliza mwanamume akieleza jinsi maji yalivyomfunika mumewe, na anagundua kwamba anasubiri sauti ile iendelee.

---

Mhariri_Isevya

Naunga mkono hoja ya shahidi. Niongeze kuhusu eda, maana watu wengi wanaitumia kama pambo na kumbe ni mtambo kamili wa hadithi.

Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10, miezi ya mwandamo. Hesabu yake inakuja kama siku 128. Katika muda huo hajipambi: hakuna manukato, wanja, hina, dhahabu wala nguo za urembo, na hatoki nyumbani bila haja ya lazima. Sasa angalia ulichonacho. Waandishi wetu wakitaka kuamsha hamu wanakimbilia udi, asumini na marashi. Mwajuma ameharamishiwa vyote. Kwa hiyo ulazimishe muswada utafute harufu nyingine: sabuni ya mche, mawese yanayochemka, dagaa walioanikwa jirani, jasho la kanga iliyolaliwa. Ukipekua ukakuta neno "marashi" kabla ya siku ya 128, lifute. Siku eda inapokwisha na akachoma udi kwa mara ya kwanza, msomaji ataisikia harufu ile kwa sababu umemnyima kurasa 90.

Halafu kuna aya ya 235 ya Sura ya Al-Baqara. Inaruhusu kumdokezea mjane nia ya posa akiwa ndani ya eda, lakini inakataza kuahidiana naye kwa siri na kufunga ndoa kabla muda haujatimia. Yaani kudokeza ruksa, kutamka wazi mwiko. Huwezi kupata kanuni bora ya mazungumzo ya mahaba kuliko hiyo. Kila anachosema Kassimu hadi siku ya 128 kiwe na sura mbili. "Paa lako linavuja upande wa kitanda." "Nyavu zikikaa sana bila kutumika huoza." Mwajuma naye ajibu kwa mtindo huohuo, tena amzidi. Na siku mmoja wao anapoteleza akatamka wazi, hapo ndipo kitabu kinavuka mstari, na msomaji anajua kimevuka bila wewe kumwambia.

Kuna jambo la kalenda ambalo wavuvi watakusuta nalo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka, taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika na wanaume wako nchi kavu. Kwa hiyo mume hawezi kuzama akivua dagaa kwenye mwezi mpevu. Mwue siku ya kwanza ya mwandamo. Kutoka hapo hadi eda kwisha kuna mbalamwezi 4 kamili, na eda inakwisha tarehe 11 ya mwezi wa tano, mwezi ukikaribia kupevuka tena na mitumbwi ikianza kupandishwa mchangani. Mbalamwezi 4 ni ziara 4 za Kassimu. Usiku wa giza yuko ziwani na Mwajuma yuko peke yake na mawazo yake. Huhitaji muundo mwingine wa sura. Ukianzia mwanzoni mwa Juni unafika katikati ya Oktoba, mvua zikikaribia, dagaa wanaanza kugoma kukauka na mwalo mzima unabadilika harufu.

---

Kipande_cha_Usiku

Mimi nijibu suala la kwanza, lugha ya chumbani, maana ndipo miswada mingi inapokufa.

Kosa lako si ukali wala upole wa maneno. Nina hakika bila kuuona muswada kwamba tukio linaanza mlango ukishafungwa, na linasimulia miili miwili isiyo na historia. Mfano wa sentensi za aina hiyo: "Kassimu alimkumbatia kwa mahaba mazito, miili yao ikawaka moto, wakasafiri hadi dunia nyingine." Sentensi hii inafaa kwa Kassimu yeyote na Mwajuma yeyote. Haina deni, haina maji, haina maiti. Ukibadilisha majina ukaipeleka hadithi ya Mbezi, Dar es Salaam, hakuna kitakachoharibika, na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa.

Jaribu kuandika kile ambacho kinaweza kutokea kati ya hawa wawili tu:

"Hakuvuka kizingiti. Aliliweka daftari la madeni juu ya mkeka, akalisukuma kwa vidole viwili mpaka kona yake ikamgusa Mwajuma kwenye unyayo. Mwajuma hakuuondoa mguu. Alitazama vile vidole, vilivyobabuka kwa kamba, akaviuliza kimoyomoyo kama vilimshika mume wake au vilimwachia. 'Soma,' Kassimu alisema. 'Najua kuliko wewe kilichoandikwa humo,' alijibu, akalikanyaga daftari kwa mguu mzima, taratibu, akimtazama usoni, mpaka mwanamume ndiye akainamisha macho."

Hakuna aliyevua nguo. Lakini vidole vina kesi, mguu una jibu, na madaraka yamehama mara mbili ndani ya aya moja. Hicho ndicho kipimo: tukio la chumbani likianza na mmoja akiwa juu, lazima liishe nafasi zikiwa zimebadilika, au angalau zimetikisika. Kama hakuna kilichohama, lifute, hata kama limeandikwa vizuri.

Kwa urefu, katika tukio la maneno 1,200 nipe 800 za kabla, 150 za tendo lenyewe, na zinazobaki za baada. Baada ndiko giza lilipo. Watu wakishatulia wanaongea, na wanaongea yale ambayo hawakutaka kuyasema. Kassimu akiropoka jambo moja tu la usiku ule wa ziwani akiwa amelala chali, sentensi fupi isiyolingana na alichomwambia shehe, umepata injini ya nusu ya pili ya kitabu.

Kuhusu maneno yenyewe, chagua rejista moja, yaani aina moja ya lugha, kwa kila mhusika na uishike. Mwajuma mlelewa wa Ujiji, aliyepita mikononi mwa somo, yaani kungwi, kabla ya kuolewa, anayo lugha ya mafumbo yenye heshima na makali, hahitaji majina ya kitabibu wala matusi ya stendi. Kassimu anaweza kuwa na ulimi mzito, wa kikazi: kamba, mtumbwi, kina, mkondo. Kinachokera ni msimulizi anayerukaruka, aya moja "sehemu zake za siri" na aya ya pili tusi la nguoni. Pia punguza vitenzi vya kupanda: "kuwaka", "kulipuka", "kuyeyuka". Kimoja kwa kitabu kizima kinatosha. Tumia vitenzi vya kazi za mikono: kufundua, kukung'uta, kukanda, kulegeza, kubana. Mtu anayefundua fundo la kanga lililolowa kwa meno ana uzito kuliko mioto kumi.

---

Mwambao_K

Nashukuru mno. Hoja ya shahidi imenifungua. Ila hapo kwenye madaraka bado nina hofu: kama Kassimu ameshikilia kauli ya kifo, Mwajuma anaweza kukataa kweli? Sitaki niandike ubakaji nikauita mapenzi. Na maiti je, naweza kuirudisha sura ya mwisho? Nilipanga ielee baada ya miezi mitatu.

---

Bi_Kalamu

Hofu yako ni ya haki na usiipuuze. Kanuni ninayoshikilia ni hii: mhusika asiye na mlango wa kutokea hana tamaa, ana hali. Ukimfungia Mwajuma milango yote, ulichoandika ni ubakaji, na uandikwe kama ubakaji, kwa uchungu wake wote na bila utamu wa lugha. Ukitaka kuandika tamaa yenye giza, mpe mlango halisi, kisha aone mlango uko wazi na asitoke.

Kwa hadithi yako mlango ni rahisi. Ana kaka Tabora mjini. Eda ni ya nyumbani, lakini kukiwa na hofu ya nafsi au mali kuhama kunaruhusiwa. Kaka anatuma nauli ya treni. Mwajuma anaipokea, anaikunja, anaiweka chini ya godoro, na inakaa pale kitabu kizima. Msomaji anajua ipo. Kila anapomfungulia Kassimu mlango, ile nauli iko chini ya godoro lilelile.

Mpe na silaha. Yeye naye awe na kitu ambacho kikitamkwa kinammaliza Kassimu. Mume aliweka hesabu yake mwenyewe ya mapato, pembeni ya daftari la tajiri, na hesabu hizo mbili hazilingani. Au mume alimwambia jambo usiku wa kuamkia safari. Mjane anaposhika siri yenye uzito sawa na ya tajiri, wanakuwa watu wawili wenye visu chini ya meza, na hapo kila mguso una hatari pande zote.

Na mwache Kassimu awe na huruma inayoonekana. Dhalimu mtupu hatishi. Mtu anayekuletea unga bila kuombwa, anayemfundisha mwanao kufunga ndoana, halafu ndiye pengine aliyeachia mkono wa baba yake, huyo anatisha.

---

Maji_Marefu

Kuhusu maiti kuelea baada ya miezi mitatu: haiwezekani kama umemzamisha mbali na ufukwe, na kuna sababu inayofaa kuijua kwa sababu itakupa mwisho mzuri zaidi.

Maiti inayozama huelea tena kwa gesi za kuoza. Kwenye maji ya juu ya Tanganyika, yenye joto la nyuzi 25 hivi, hilo hutokea ndani ya siku chache. Lakini ziwa hili linateremka ghafla. Kilomita chache tu kutoka nchi kavu unaweza kuwa juu ya mamia ya mita, na kina chake kikubwa kinafika mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal. Kila mita 10 za kina zinaongeza shinikizo sawa na la hewa yote tunayoibeba juu ya nchi kavu. Kwenye mita 300 gesi inabanwa zaidi ya mara 30, haijazi tumbo, maiti haipandi. Usiandike kwamba ni baridi inayomshikilia, kwa sababu hata chini kabisa maji yana nyuzi kama 23. Ni uzito wa maji. Na kuanzia kina cha mita mia moja na kitu hadi mia mbili hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki wa kumgusa. Amekaa gizani bila kuguswa, na Mwajuma akiambiwa hilo na mvuvi mzee ana kitu cha kuota usiku.

Kwa hiyo chagua. Ama harudi kabisa, na hakuna kuosha wala sanda; kuhusu sala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti asiyekuwepo, muulize shehe. Ama anarudi mapema, siku ya tatu au ya nne, na kama amerudi ina maana hakuzama kule kilindini Kassimu alikokutaja. Alizama kwenye maji ya kina kifupi, karibu na watu. Kwa riwaya ya mahaba yenye giza ningechukua njia ya kati: maiti hairudi, ila kinarudi kitu chake mahali kisipotakiwa. Taa yake ya kichwani yenye alama aliyoichora mwenyewe, imenasa kwenye nyavu za watoto wanaovua pembeni ya miamba ya Katonga, wakati Kassimu alisema walikuwa mbali kaskazini. Mwajuma anaipata siku ya 100 ya eda. Anaificha. Siku ya 101 ni mbalamwezi, Kassimu anakuja.

Kama kwa namna yoyote utaonyesha maiti ya aliyekaa majini, kuwa mkweli. Ngozi ya viganja na nyayo hukunjamana, ikikaa siku kadhaa inaweza kuvulika kama soksi. Waoshaji hawaisugui, humwagia maji taratibu, na ikiwa hata hilo litaiharibu humtayamamisha, yaani humpangusa kwa udongo safi badala ya maji. Sanda ya mwanamume nguo 3, ya mwanamke 5. Usiweke maua kifuani wala jeneza lenye kioo Ujiji.

Moja zaidi, samahani kwa kutoka kidogo nje ya njia: acha Liemba. Najua inavutia, meli iliyozamishwa 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kila anayeandika Kigoma anataka kuigeuza ishara ya wafu wanaorudi. Riwaya yako inasema wafu hawarudi. Ikipita, ipite kwa mbali na honi yake tu.

---

Tumbaku_Njano

Naomba kudandia uzi. Mimi naandika ya Urambo, mkoa wa Tabora: mke wa mwenye shamba na kibarua wa kukausha tumbaku. Nguvu za mwenye shamba ni mkopo wa pembejeo kupitia chama cha msingi cha ushirika. Tamaa yangu inakwama kwa sababu sina "chumba". Kila mahali kuna watu.

---

Mhariri_Isevya

Chumba unacho, ni bani lenyewe, lile banda la kukaushia tumbaku. Kukausha tumbaku ya mvuke kunachukua kama siku 5 hadi 7, na moto lazima uangaliwe usiku na mchana. Mtu anakesha pale peke yake kihalali kabisa, na mwingine anaweza kumletea chakula kihalali kabisa. Umbea hauna pa kuanzia.

Na joto lake limeshakupangia tukio. Hatua ya kwanza jani linageuzwa njano kwa nyuzi 35 hadi 40, unyevu mwingi, taratibu. Ukiharakisha hapo, ukijani unagandia jani halifai tena. Hatua ya pili linakaushwa jani, joto linapandishwa kidogokidogo hadi 50 na kitu, unyevu unatolewa madirishani. Hapo ukizembea kutoa unyevu jani linapikika, linakuwa kahawia. Mwisho kikonyo, nyuzi 70 hivi. Fuata mpangilio huo kwa uhusiano wao, usiku baada ya usiku, bila kuutaja kama mfano. Waache tu wafanye kazi: kusoma kipimajoto, kupunguza kuni, kufungua dirisha la juu. Msomaji wa Urambo ataelewa kabla yao.

Kifo pia kimo. Bani huungua jani linapoanguka kwenye bomba la moto. Jani huanguka kwa sababu limefungwa vibaya kwenye mti wa kutundikia, na limefungwa vibaya kwa sababu mikono ya mfungaji siku ile ilikuwa na mawazo mengine. Hakuna aliyeadhibiwa na mbingu. Fundo tu lililolegea, la siku ya kwanza, uliloliandika wewe mwenyewe ukurasa wa 20 bila kulikazia.

---

Kipande_cha_Usiku

Hiyo ya fundo ndiyo jibu la swali la tatu la Mwambao_K pia. Kifo kinaonekana adhabu kinapotoka nje: gari, radi, ukimwi wa ghafla sura ya mwisho, ndugu mwenye panga ambaye hatukumwona awali. Kitoe ndani ya kitu kilekile kilichoileta tamaa. Rudi nyuma kutoka mwisho hatua kwa hatua na ujibu kila mara "kwa sababu gani". Ukifika kwenye mguso wa kwanza bila kuhitaji bahati mbaya hata moja, kifo kimekaa mahali pake. Ukihitaji bahati mbaya mbili, rudi kwenye muundo.

Kwa Mwajuma na Kassimu naona njia moja inayotoka moja kwa moja kwenye kauli ya ushahidi. Eda imekwisha, udi umechomwa, ndoa iko mezani. Mwajuma anamwomba ampeleke kwa mtumbwi mahali hasa mume wake alipozama, kama mahari. Hasemi kwa nini. Ile taa ya kichwani iko ndani ya kanga. Kassimu akielekea kaskazini amedanganya, akielekea Katonga amekiri. Na yeye Mwajuma hajui anatamani aelekee wapi. Yeyote atakayebaki majini, msomaji hatauliza kosa lilikuwa nini, atauliza ni nani aliyeachia mkono, na hilo usilijibu. Anayerudi mwaloni asimame mbele ya shehe yuleyule.

Nafsi ya usimulizi: tatu, ikimkaa Mwajuma begani, wakati uliopita. Nafsi ya kwanza inamtaka ajieleze na ajitetee, na akijitetea tamaa inakuwa ushahidi wa mahakamani. Usiingie kichwani mwa Kassimu hata sentensi moja. Ukituonyesha anachowaza, siri ya ziwani inavuja na madaraka yake yanakwisha.

---

Bi_Kalamu

Mambo ya vitendo kabla hujachapisha. Umri uandike wazi, wahusika wote wa mahaba wawe watu wazima bila utata. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na hata kumbukumbu za "alipokuwa msichana" zisiingie kwenye tukio la mahaba. Mtandaoni kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inayokataza kusambaza ponografia kwa kompyuta. Kazi ya sanaa inayojali wahusika ni kitu kingine, lakini usiutie mguu wako mtegoni: vipande vyenye tendo lenyewe usivibandike kwenye makundi ya simu. Weka sura ya kwanza na tukio la shehe, kisha kitabu kamili kiende kwa mchapishaji au kiuzwe kwa nakala. Onyo la umri na la maudhui, kifo na shinikizo la kimapenzi, likae ukurasa wa mbele kwa mistari miwili, bila kuomba radhi.

Muswada mpe mtu wa mwalo ausome kwa ajili ya taa, nyavu na mwezi, na mpe mwanamke aliyewahi kukaa eda ausome kwa ajili ya eda. Hao wawili watakuokoa kuliko sisi wote hapa. Usiwaulize kama kinawapendeza. Waulize ukurasa upi walisimama.

---

Mwambao_K

Nimeelewa, na asanteni sana. Naanza kwa kuhamisha kifo cha mume kwenda mwandamo wa Juni na kuandika upya mahojiano ya shehe. Swali la mwisho: ile nauli ya treni chini ya godoro, aitumie au isitumike?

---

Bi_Kalamu

Atumie mtu mwingine. Mtoto wake mkubwa, asubuhi ile ya safari ya mtumbwi, apewe ile noti iliyokunjwa na apelekwe stesheni ya Kigoma na shangazi yake. Liandike kabla ya mtumbwi kuondoka, kwa aya moja, na Mwajuma asiseme lolote zaidi ya kumwambia mtoto avae viatu. Ukimaliza mahojiano ya shehe yalete hapa, maneno 800 ya kwanza yanatosha kuona kama sauti ya Kassimu imesimama.